Profesa na Kibao cha Bi Mdogo

Kaka yangu Pan Jitao alikuwa na uwezo wa kukishika kitabu kikuukuu, akakipekua kidogo, akakwambia kiliandikwa enzi za mfalme gani. Hakuwa mchawi. Alikuwa anatafuta maneno yaliyoandikwa pungufu. Kwetu jina la mfalme haliandikwi likakamilika, wala jina la baba mzazi. Ukikutana na neno hilo katika maandishi yako, unaliondolea mstari mmoja au nukta moja kwa adabu, kama mtu anavyoinama akipita mbele ya wakubwa. Basi ukijua mfalme yupi aliitwa nani, kitabu chenyewe kinakutajia umri wake. Wazee wetu walilijua jambo hilo zamani. Kaka aliichukua elimu ya wazee, akaichanganya na ya wale walimu wake wa Ujerumani, watu wanaotaka ushahidi wa kila kitu hata wa salamu, akaandika kitabu kinene. Chuoni Hangzhou wakampa uprofesa, na kijijini wakampigia fataki.

Mimi ni mdogo wake, Qiaoyun. Sikupelekwa Ujerumani. Nilipelekwa kwa mume, mume akafa kwa kipindupindu, nikarudi nyumbani kumtunza mama. Sisemi hivi nipate kuonewa huruma. Nasema mjue anayesimulia ni nani, maana wapo wanaomwita kaka yangu mtakatifu na wapo wanaomwita msaliti, na wote hao hawajawahi kumfulia soksi.

Mama yetu alikuwa bi mdogo. Baba alimnunua msichana kutoka bonde la mbali, bi mkubwa alipoonekana hapati mtoto. Desturi yetu ni kwamba watoto wa bi mdogo humwita bi mkubwa "Mama", na yule aliyewazaa humwita "Bi Mdogo", sawasawa na anavyoitwa na wajakazi. Nimenyonya ziwa la mtu nikimwita Bi Mdogo. Bi mkubwa aliketi ukumbini akipokea mikono ya heri kwa watoto ambao hakuwazaa, na mama alikuwa jikoni akikaanga machipukizi ya mianzi kwa ajili ya wageni wa heri hiyo hiyo.

Bi mkubwa akafa, baba naye akafuata. Wote wawili wakachongewa vibao vya majina, vikasimamishwa kwenye ukumbi wa ukoo, na kila sikukuu wanapelekewa wali, nyama na pombe ya mchele. Marehemu asiye na kibao hana pa kula. Anazurura akinusa moshi wa sufuria za watu. Na bi mdogo haingizwi ukumbini. Hiyo ndiyo sheria, isipokuwa mwanawe akiuletea ukoo heshima kubwa, ndipo wazee wanaweza kukaa wakampandisha.

Mama alipoanza kukohoa damu, hakuuliza dawa. Aliuliza hilo tu.

"Qiaoyun, nikifa nitakula wapi?"

"Kwangu."

"Kwako? Wewe mwenyewe unakula kwa watu." Kisha akageukia ukutani. "Jitao atasema na wazee. Jitao ana heshima."

Nikamwandikia kaka aje. Bahati mbaya, siku zile zile na wazee walikuwa wanamhitaji.

Ilikuwa mwaka wa ishirini na tatu wa Jamhuri, tangu wafalme waondolewe. Kijiji jirani, watu wa ukoo wa Shao, walikuwa wametushtaki wilayani kuhusu kilima cha mianzi. Wao walidai ni chao, sisi tukadai ni chetu, na ushahidi wetu ulikuwa jiwe lililosimama mlangoni mwa ukumbi wa ukoo. Limechongwa maandishi kwamba mfalme wa enzi ya Song alimtunuku mzee wetu wa kwanza kilima hicho karibu miaka mia tisa iliyopita. Zamani neno la mzee wa ukoo lingetosha. Lakini mahakama za Jamhuri zimejifunza nazo kudai ushahidi, na hakimu akataka mtaalamu aseme kama jiwe ni la kweli au la kughushi. Mtaalamu mkubwa wa mambo hayo mkoa mzima alikuwa mtoto wetu. Watu wa Pan wakacheka hadi mate yakawatoka. Hata Washao, kwa ujinga wao kama tulivyodhani, walikubali awe yeye.

Baba mkubwa Deqiu, mkuu wa ukoo, alimpokea kwa chai mpya ya masika. Nilikuwa namimina mimi.

"Umenenepa, Jitao. Viazi vya Wajerumani."

"Shikamoo, Baba mkubwa. Ni uzee tu."

"Uzee! Mimi nisemeje? Haya, jiwe unalijua, ulikuwa unalikojolea ukiwa mdogo. Utaandika neno moja, tutakula, utarudi kwenye vitabu vyako."

"Nitalitazama kwanza."

"Litazame. Nani kakukataza kutazama?" Mzee akapuliza chai yake. "Mchele wa mashamba ya shule ya ukoo ndio uliokuvusha bahari. Hatukukuuliza ulikwenda kutazama nini. Halafu nasikia Bi Mdogo hajambo kidogo?"

"Hana siku nyingi, Baba mkubwa. Nilitaka kuomba..."

"Najua unachotaka kuomba. Tukikipata kilima, wazee watakuwa na furaha. Watu wenye furaha ni wepesi wa kutoa. Kibao chake kitasimama kando ya baba yako, mimi mwenyewe nitakibeba."

Hakusema zaidi ya hapo. Ng'ombe hafungwi kamba mbili; moja yamtosha.

Mchana huo kaka akaenda kwenye jiwe na karatasi, wino na kioo chake cha kukuzia. Alirudi jikoni uso umemshuka, akakaa kwenye kigoda karibu na moto.

"Limeghushiwa," akasema.

"Usiseme hivyo."

"Neno 'amani', Qiaoyun. Kwenye mstari wa tarehe." Akachukua kijiti cha kuni akaniandikia kwenye majivu. Neno *ning*, amani, katikati yake lina alama ya moyo. Sasa, enzi za babu zetu alitawala mfalme ambaye neno hilo lilikuwa katika jina lake. Akaamuru nchi nzima waondoe ule moyo waweke mistari miwili mitupu. Mtu akiuweka moyo ndani ya amani kwenye mtihani wa serikali, kazi ya maisha yake imekwisha. "Jiwe letu linasema ni la miaka zaidi ya mia saba kabla ya mfalme huyo kuzaliwa," akasema kaka, "na halina moyo."

"Nani kalichonga?"

"Baba wa babu, nadhani. Yule aliyefaulu mitihani. Alijua kuigiza mwandiko wa kale, alijua cheo, tarehe, kila kitu, hata jiwe alilitafuta la aina ile ile. Kisha alipofika kwenye jina la mfalme wake mkono ukamkataa. Mtu anaghushi, anaiba kilima kizima cha watu, lakini hathubutu kukosa adabu!" Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, mpaka nikaona kwamba yeye hacheki tena.

Chumba cha pili mama alikohoa.

"Utaandika nini?" nikamwuliza.

"Nimetumia miaka ishirini kuwakosoa watu walioandika uongo kwa ajili ya wakubwa zao."

"Sijakuuliza hilo."

"Qiaoyun, nimewafukuza wanafunzi kwa kosa dogo kuliko hili."

"Basi nenda ukamwambie yeye. Yupo pale. Mwambie, Bi Mdogo, utazurura, kwa sababu ya wanafunzi."

Nilisema hivyo, na sijuti. Mtu akisomeshwa na nchi mbili anadhani ana dhamiri mbili, na kila moja inaingoja nyingine ianze. Akaingia kwa mama. Nilisikia sauti ya mama ikiuliza, "Umekubali?" na sauti yake yeye ikijibu, "Nimekubali." Usiku ule mama alikula bakuli zima la uji na tofu ya soya iliyochacha, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka mpya.

Mahakamani tulikwenda ukoo mzima, wanaume mbele, sisi wajane nyuma. Hakimu alikuwa mtu mfupi mwenye miwani, mwenye haraka ya kwenda kula. Akampa kaka karatasi ya kiapo na brashi. Swali lilikuwa fupi: jiwe ni *zhen* au ni *wei*, la kweli au la bandia? Kaka akachovya brashi, akaandika *zhen*, akatia sahihi. Hakusita. Mzee Deqiu akapumua kwa nguvu, mtu wa mstari wa mbele akamgonga mwenzake bega.

Ndipo akainuka wakili wa Washao, kijana mmoja aitwaye Fei, mwenye suti ya Shanghai na nywele zilizolowa mafuta. Akaomba kuiona karatasi. Akaiona, kisha akaiona tena.

"Profesa, samahani. Sisi vijana wa shule za kisasa herufi zinatupiga chenga. Hili neno ulilojibu, mbona lina upungufu? Mimi nilifundishwa chini pana nukta mbili. Hapa naiona moja."

Kaka akaitazama karatasi yake. Niliona masikio yake yakiwa mekundu.

"Ni jina la marehemu baba yangu," akasema. "Aliitwa Pan Shouzhen."

"Loh! Kwa hiyo uliacha nukta makusudi?"

"Sikukusudia. Mkono umezoea. Nilianza kuchapwa vidole kwa neno hilo nikiwa na miaka mitano."

"Hata mbele ya Mheshimiwa? Hata kwenye karatasi ya kiapo?"

"Mkono haujui karatasi ya kiapo."

Watu wakacheka, na hakimu akatabasamu. Wetu wakadhani tumeshinda. Fei akacheka pamoja nao, akainama, akatoa mkobani kitabu kinene ninachokijua kwa jalada lake, maana nakala yake tunaitumia kuzuia dirisha.

"Nimekipenda sana kitabu chako, Profesa. Unasema humu kwamba mkono uliofunzwa adabu ni shahidi asiyehongeka. Kwamba hata mwenye kughushi atakumbuka yote, ila mkono wake utamsaliti kwenye jina la mkubwa wake. Leo umetuonyesha wewe mwenyewe ni kweli. Asante." Akaifunua karatasi nyingine, nakala ya maandishi ya jiwe iliyopigwa wino. "Sasa twende kwenye jiwe lenu. Mstari wa tarehe, neno 'amani'. Moyo wake uko wapi?"

Nilimtazama kaka. Nilimwomba kwa macho adanganye. Sema mvua. Sema mchongaji alikuwa mlevi.

"Mvua," akasema. "Jiwe la nje, mvua ya miaka mingi..."

"Mvua iliula moyo, halafu ikachonga mistari miwili mahali pake? Mvua hiyo nayo ilisomea mitihani?"

Safari hii walicheka Washao. Kaka alisimama pale, mikono imeshika meza. Angeweza kuendelea. Mwongo yeyote wa kawaida angeendelea. Hakimu alikuwa na njaa na ukoo wetu ulikuwa na marafiki wilayani. Lakini uongo una shule yake, na huko hakupelekwa.

"Jiwe ni la enzi za baba wa babu yangu," akasema.

"Na hii uliyotia sahihi?" akauliza hakimu.

"Ni uongo, Mheshimiwa."

Kilima kikaenda kwa Washao kabla ya chakula cha mchana. Gazeti la Hangzhou likaandika, chuo kikamwambia apumzike mpaka maneno yapoe, nayo hayakupoa. Wasomi wa mtindo wa kale walisema ndiyo matunda ya elimu ya kigeni, mtu kuwavua nguo wazee wake mahakamani. Wasomi wa mtindo mpya walisema ndiyo matunda ya ukale, mtu kuuza ushahidi kwa kipande cha ubao. Njia mbili zilimshinda fisi, husema watu, lakini fisi angalau alikuwa anafuata nyama. Mimi nilitamani kuwakusanya wasomi wote hao niwatie kwenye chumba cha mama wamsikilize akihema.

Jioni ile kaka alipiga magoti mlangoni mwa ukumbi wa ukoo. Mzee Deqiu alimpita kama anayepita matope.

"Baba mkubwa, nifuteni mimi kwenye ukoo. Yeye hakusema neno lolote."

"Wewe tunakufuta bila kuombwa."

"Ulitoa ahadi."

"Nilitoa ahadi tukipata kilima. Umetupatia kilima?" Mzee akageuka. "Ungekataa tangu mwanzo, tungekuchukia tu. Ungedanganya hadi mwisho, tungekupenda. Wewe umefanya nusu na nusu. Mtoto wa bi mdogo ni mtoto wa bi mdogo."

Kwa kweli sikuwahi kumpenda mzee yule, lakini hapo alisema jambo ambalo hata mimi nilikuwa nalo rohoni. Husemwa mshika mawili moja humponyoka. Kaka yangu yalimponyoka yote.

Aliyebaki kuambiwa ni mama. Alikuwa amekwisha kuambiwa na majirani, maana kijiji hakina siri ila kwa mwenye nyumba. Kaka akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nasikia umesema ukweli," akasema.

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote."

"Ndiyo, Mama."

"Ni vizuri." Akavuta pumzi. "Lakini si ungesubiri niingie kwanza?"

Mimi nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Mama alikufa majira ya baridi, theluji nyembamba juu ya mapaa, na akazikwa kwenye kipande cha ardhi tulichokopeshwa na mtu asiye wa ukoo. Baada ya maziko kaka akasema, kama ukumbi hawautaki, kibao atakiandika yeye na kitakaa nyumbani kwangu. Akanunua ubao mzuri wa mkafuri, akaulainisha mwenyewe kwa siku kadhaa, akasaga wino. Kila kitu tayari. Akashika brashi, akanitazama.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Nani?"

"Mama. Jina lake."

Nilifikiri ananitania. Kisha nikafungua mdomo nimjibu, na hakikutoka kitu. Bi Mdogo. Baba alimwita "we". Bi mkubwa alimwita "yule". Nimemwosha, nimemlisha, nimemfunga sanda, na jina lake silijui.

"Hukuwahi kumwuliza?" akasema kaka.

"Wewe uliwahi?"

"Jina la mzazi haliulizwi."

"La baba lilijulikana bila kuulizwa! Wewe unayajua majina ya wafalme waliotawala mwezi mmoja wakanyongwa. Unajua walizaliwa na nani, walikula nini. Usiniulize mimi!" Nilikuwa napiga kelele, majirani wanasikia, wasikie.

Aliiweka brashi, akavaa koti, akaenda. Alitembea hadi lile bonde alikonunuliwa mama, akashinda huko siku kadhaa, akiuliza nyumba kwa nyumba namna alivyofundishwa Ujerumani: nani anakumbuka nini, nani alimwambia, kwa nini tuamini. Watu walimwogopa, wakamdhania mtoza kodi. Mwisho akampata bibi mmoja kizee sana, akimenya viazi vitamu juani. Kaka akamweleza: msichana, aliuzwa kwa mtu wa Pan, mwaka wa ukame mkubwa, ana kovu dogo hapa kwenye nyusi.

"Mwaka ule?" bibi akasema. "Mwanangu, mwaka ule tuliuza wengi. Huyo wako alikuwa mtoto wa nani?"

Kaka akasema hajui. Bibi akampa kiazi cha kula njiani.

Alirudi akaniambia hayo, akiwa amesimama mlangoni, hajavua hata viatu. Kisha akaondoka kwenda kufundisha kusoma na kuandika katika shule ya watoto mji wa mbali, na huko ndiko alikofia. Kibao ninacho mimi. Kipo jikoni, hakina neno. Sikukuu zikifika nakiwekea wali na machipukizi ya mianzi, naita, "Njoo ule." Lakini mgeni hualikwa kwa jina lake, na waliokufa bila jina katika nchi hii ni wengi kuliko wenye majina. Sijui kama anajua kuwa anayeitwa ni yeye.